UZI: Meja Robert Poore, askari aliyejifunza kriketi kitabuni, akapiga 304, kisha vita ikamchukua

mzee_wa_krizi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimekaa nao kichwani muda mrefu sana, leo nimepata nafasi ngoja niushushe wote.

Wengi wetu tukisikia kriketi tunawaza India na Pakistan, wa Kenya wanakumbuka kina Steve Tikolo walivyofika nusu fainali Kombe la Dunia 2003, wa Uganda wanakumbuka juzi tu 2024 walivyoenda Kombe la Dunia la T20 wakawafunga Papua New Guinea, basi imeishia hapo. Mi nawaletea mtu mmoja wa zamani, mwanajeshi wa Kiingereza enzi za Malkia Victoria, anaitwa Robert Montagu Poore. Sio maarufu, hata Waingereza wenyewe wengi hawamjui, lakini kiangazi cha mwaka 1899 huyu bwana alifanya kitu uwanjani ambacho mpaka leo nikikisoma nywele zinasimama, na miezi michache baadae akapanda meli kwenda vitani Afrika Kusini na kiangazi kama kile hakikurudi tena.

Kazaliwa Dublin tarehe 20 Machi 1866, ila ukoo wao ni wa Wiltshire huko kusini mwa Uingereza. Baba yake nae alikuwa Meja Robert Poore, na huyo mzee ana stori yake nzuri, miaka ya 1890 alinunua shamba kijiji cha Winterslow akalikata vipande akawauzia wanakijiji wa kawaida walipe kidogo kidogo, kwa nchi ambayo ardhi ilikuwa ya mabwana wakubwa tu hiyo haikuwa kitu kidogo. Lakini tusitoke nje, turudi kwa mtoto.

Kijana alikuwa mrefu futi 6 na inchi 4, mabega kama mlango. Mwaka 1886 akaingia kikosi cha wapanda farasi kinaitwa 7th Hussars. Na hapa ndo pa kushika wakuu: mpaka anaingia jeshini kriketi hakuwa anaicheza kivile. Wenzake waliokuja kuwa wakubwa kwenye huu mchezo walifundishwa tangu wakiwa watoto kwenye zile shule za matajiri, wana makocha, wana viwanja vinafyekwa kila siku, yeye hana hiyo historia. Kikosi kikapelekwa India, kule ofisa ana muda mwingi mno, asubuhi gwaride, mchana joto, jioni michezo. Poore akaamua kriketi ataisoma. Yaani ANAISOMA KITABUNI, kuna mfululizo wa vitabu vya michezo wa enzi hizo unaitwa Badminton Library, akakaa nao, anaangalia mguu uende wapi, kiwiko kikae vipi, afu anatoka nje anafanyia mazoezi. Mtu mzima na masharubu yake.

Naendelea, naomba msiniwahi.

kibajaji255

Mkuu naweka kambi hapa. Ila tusaidie tusiojua mchezo, hizo 304 ni magoli au nini?

mzee_wa_krizi

Swali zuri mkuu, naeleza kwa kifupi kabla sijaenda mbele.

Mpigaji anasimama na ubao wake analinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, mrushaji anatupa mpira. Ukiupiga unakimbia kwenda upande wa pili kubadilishana na mwenzio, kila mkimbio ni pointi moja, mpira ukifika kwenye mpaka wa uwanja unapewa 4 bila kukimbia. Unaendelea mpaka wakutoe. Ukifikisha 100 ni senchari, hiyo peke yake ni heshima, kuna watu wanacheza miaka kumi hawaijui. Wastani unapatikana kwa kuchukua mikimbio yako yote ya msimu ukagawa kwa idadi ya mara ulizotolewa. Enzi zile wastani wa 40 ulikuwa unakuweka juu kabisa, 50 watu wanakuvulia kofia.

Afu ujue mambo ya wakati ule yalikuwa magumu kuliko leo. Uwanja haufunikwi, mvua ikinyesha usiku asubuhi mpira unaruka ovyo. Hamna kofia ngumu kichwani. Na ile 6 ya leo ya kuupaisha mpira juu ya kamba haikuwepo, ilikuwa lazima mpira utoke NJE ya uwanja kabisa ndo upewe 6, sheria hiyo ilibadilishwa 1910. Kwaiyo mtu akipiga 304 ujue kazikimbia na kazichuma kweli.

Sasa India. Bombay miaka hiyo gavana alikuwa Lord Harris, kuanzia 1890 mpaka 1895, na Harris sio gavana wa kawaida, alishakuwa kapteni wa timu ya Uingereza na wa kaunti ya Kent, ni mtu wa kriketi mpaka kwenye mifupa. Poore akachukuliwa kuwa msaidizi wake wa kijeshi, yule ofisa anayetembea na mkubwa kila mahali. Hebu fikiria, umejifunza mchezo kitabuni afu bosi wako anakuwa mmoja wa wakuu wa huo mchezo duniani. Alikuwa anachezea timu ya ikulu ya gavana na wastani wake kule ulikuwa kama 80. Kule pia alikuwa anacheza tenisi, akashinda mashindano ya magharibi ya India.

binti_wa_upanga

Samahani kaka mzee_wa_krizi, hapo Bombay usipite haraka. Sisi tuliokulia Upanga tumeona kriketi inachezwa na ndugu zetu wenye asili ya kule, babu zao ndo walikuja na dau na meli kutoka Bombay na Gujarat. Hao wenyeji wa Bombay walikuwa wapi wakati maofisa wanacheza?

mzee_wa_krizi

Dada umenishika pazuri, nilikuwa napita kweli.

Wenyeji walikuwepo na walikuwa wanacheza vizuri tu. Waparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, ndo walitangulia, walishaunda klabu zao tangu katikati ya karne ya 19, Wahindu nao wakafuata. Mwaka 1890 Waparsi waliifunga timu iliyotoka Uingereza iliyoletwa na mtu anaitwa Vernon, Bombay nzima ilitetemeka. Walikuwa na mrushaji wao daktari, Mehellasha Pavri, huyo alikuwa anawasumbua Wazungu kweli kweli. Toka 1892 ikawa kila mwaka kuna mechi kubwa ya Wazungu dhidi ya Waparsi.

Lakini uwanja sasa. Ule uwanja mkubwa wa wazi ambao Wahindi walikuwa wanacheza, maofisa wa Kizungu walikuwa wanautumia kwa polo, ule mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi, na farasi wakishapita pale kwato zinaacha mashimo, mpira wa kriketi ukidunda unaenda unakotaka. Wachezaji wa Kihindi waliandika barua za malalamiko miaka na miaka, wanaomba tu farasi wahamishwe. Serikali ikawaegemea watu wa polo. Na Poore alikuwa mchezaji mkali wa polo, huo mchezo uliwalea maofisa wote wa vikosi vya farasi, kwaiyo tukisema India ilimfundisha kriketi tukumbuke kuna vijana pale pale walikuwa wanajifunza juu ya mashimo.

Tuendelee. Mwaka 1895 kikosi cha 7th Hussars kikahamishiwa Afrika Kusini, upande wa Natal. Na hapo ndo inatokea kitu cha ajabu. Lord Hawke kaleta timu ya Uingereza kule msimu wa 1895-96, Poore akawapiga senchari akiwa na timu ya Natal, basi Afrika Kusini wakamchukua kwenye timu yao ya taifa. Ofisa wa jeshi la Uingereza, anaichezea Afrika Kusini, dhidi ya Uingereza! Enzi zile sheria za nani acheze wapi zilikuwa bado laini. Akacheza mechi zote 3 za Testi, yaani zile mechi kubwa za nchi kwa nchi.

Mechi ya kwanza Port Elizabeth Februari 1896 ilikuwa balaa, Afrika Kusini mara ya pili walitolewa wote kwa mikimbio 30, timu nzima, na mrushaji wa Uingereza George Lohmann akachukua wiketi 8, yaani akawatoa wapigaji 8, kwa kuruhusu mikimbio 7 tu. Mechi iliyofuata Johannesburg akachukua 9 kwa zamu moja (zamu ni ile timu nzima inapoingia kupiga, kila timu ina mbili). Poore alikuwa pale katikati anaona wenzake wanakuja na kuondoka. Sio mwanzo mzuri wa Testi kwa mtu yeyote.

Msomi_wa_Kigoma

Mkuu uko vizuri ila mi nina neno. 1896 ndo mwaka Wandebele na Washona walipoinuka dhidi ya kampuni ya Cecil Rhodes, Chimurenga ya kwanza. Na hao 7th Hussars walipelekwa kuizima. Sasa huyo shujaa wako alikuwa wapi?

mzee_wa_krizi

Alikuwa huko huko mkuu, sitaki kulificha. Kikosi kilipelekwa Matabeleland na Poore alienda nacho. Mwanzoni mwa mwaka anacheza Testi, baada ya hapo yuko juu ya farasi anapigana na watu waliochukuliwa ng'ombe na ardhi yao. Na hata hizo Testi zenyewe zilichezwa hewa imechafuka, maana mwisho wa Desemba 1895 Jameson, mtu wa Rhodes, alivamia Transvaal, nchi ya Makaburu, kwa njama ya kina Rhodes akakamatwa siku chache baadae, na timu ya Lord Hawke ilipofika kule ilienda kuwatembelea jela wale waliokamatwa kwa ile njama. Kriketi na dola vilikuwa kitu kimoja, mi nimesoma sana habari za watu hawa na kila nikijaribu kuvitenganisha nashindwa.

Ndo maana sikumwita shujaa, nimemwita askari. Lakini naomba mnivumilie nifike 1899 maana pale kuna uzuri, na mi nataka tuuone uzuri wenyewe huku macho yetu yakiwa wazi.

Msomi_wa_Kigoma

Sawa mkuu nimekuelewa, endelea.

mzee_wa_krizi

1899. Karudi Uingereza, ni meja sasa, mwaka mmoja nyuma kaoa Lady Flora Douglas-Hamilton ambae ni dada wa mtu mkubwa, Duke wa Hamilton. (Baadae dada yake Poore, Nina, nae akaolewa na huyo huyo Duke, 1901, yaani familia mbili zikabadilishana. Huyo Nina alikuja kuwa mtetezi mkubwa wa wanyama, wakati wa Vita ya Pili alifungua nyumba yake ya Ferne kwa mbwa na paka wa watu waliokuwa wanakimbia mabomu ya London. Mwanamke wa maana sana, anastahili uzi wake.)

Kaunti yake ni Hampshire. Hampshire ndo kuna Aldershot, kambi kubwa kuliko zote za jeshi la Uingereza, kwaiyo timu ile ilikuwa imejaa maofisa. Uzuri wake ukiwapata wote wakati mmoja ni timu kali, ubaya wake hauwapati wakati mmoja, leo huyu yuko zamu, kesho yule kaitwa makao makuu. Poore mwenyewe msimu ulishaanza tangu Mei yeye hajatokea, alikuwa na mambo ya jeshi.

Katika kipindi cha wiki mbili hivi mwezi Juni alifanya vitu vitatu. Alikuwa kwenye timu ya kikosi chake iliyoshinda kombe la polo la vikosi vyote. Kwenye yale maonyesho makubwa ya kijeshi ya London akatangazwa mshindi wa jumla wa mapigano ya silaha, upanga na mkuki na vinginevyo, hakuna ofisa aliyemshinda. Na akapiga senchari 3 mfululizo kwa Hampshire. Wiki mbili hizo jamani! Siku hizi mchezaji akibadilisha nafasi uwanjani tu tunasema hajazoea.

Zile senchari zilienda hivi: tarehe 12 Juni Hampshire wanaanza mechi na Somerset mjini Portsmouth, akapiga 104, zamu ya pili ya mechi hiyo hiyo akapiga 119 na hakutolewa. Mechi inayofuata na Lancashire, Southampton, 111. Toka hapo mpaka tarehe 12 Agosti, miezi miwili kamili, akawa na senchari 7.

Sasa Taunton.

Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike uzi. Tarehe 20 Julai 1899, Taunton, nyumbani kwa Somerset. Wale wale aliowapiga Juni, na kapteni wao ni Sammy Woods, mzaliwa wa Australia, jamaa mmoja mkubwa asiyekata tamaa kabisa. Somerset walipiga kwanza wakapata 315, sio mbaya. Hampshire wakaanza kuangusha wiketi, tano zimeondoka na mechi bado iko wazi, Poore yuko ndani, na anaetoka kuja kuungana nae ni kapteni Wynyard.

Hapa inabidi nisimame nimwelezee Edward Wynyard maana hawa wawili huwezi kuwatenganisha. Nae ni mwanajeshi, kazaliwa India 1861, kapigana Burma akapata nishani ya DSO. Alicheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1881 akiwa na Old Carthusians, wakashinda 3-0 na yeye akafunga. Desemba 1893 akiwa Davos kule Uswisi kuna mkulima katumbukia kwenye ziwa la barafu, Wynyard akaingia kumtoa, akapewa medali. Mwaka uliofuata akashinda mashindano ya kimataifa ya kuteleza na sleji kule kule. Na alikuwa mpigaji wa kiwango cha timu ya taifa.

Basi wakakutana katikati ya uwanja, meja na kapteni. Saa 4 na dakika 20 walikaa pamoja. Mikimbio 411. Piga hesabu, ni zaidi ya 90 kila saa, hiyo kasi hata leo kwenye mechi za siku nyingi watu wanasimama kushangilia. Wynyard akapiga 225. Poore akapiga 304.

Mi sijawahi kuona hata picha moja ya siku hiyo, lakini huwa nawaza wale warushaji wa Somerset, jua la Julai, huyu mrefu futi 6 na inchi 4 anaegemea mbele anaupeleka mpira kule kwenye mto, ukimbadilishia urefu wa mrushio anarudi nyuma anakukata pembeni, upande wa pili kuna mwanajeshi mwingine nae hana huruma, na ova zenyewe (ile awamu ya mrushaji mmoja kabla ya kubadilisha upande) enzi zile ni mipira mitano mitano, ile ya mipira sita ilikuja mwaka uliofuata, kwaiyo kila baada ya mipira mitano unahama upande, unatembea tu uwanjani kama mtu anaesindikiza msiba.

Hampshire walifikisha 672 kwa wiketi 7 wakasimamisha wenyewe. Somerset wakarudi kupiga wakatolewa na 206. Ushindi wa zamu nzima na 151 juu, yaani zamu mbili za Somerset ukizijumlisha zilipungukiwa 151 na zamu moja ya Hampshire.

Mkongwe_wa_Shauri_Moyo

Aisee ndugu yangu umenipeleka mbali. Mimi nimekuwa nikiwaangalia vijana wetu hapa Nairobi tangu enzi za kina Tikolo na Odumbe na najua ushirikiano wa mia tu unavyowavunja moyo walinzi. Mia nne na kumi na moja ni kitu kingine. Hiyo rekodi ilidumu?

mzee_wa_krizi

Mzee wangu shikamoo. Kwa dunia nzima rekodi ya wiketi ya sita, yaani ushirikiano baada ya watano kutolewa, ilidumu mpaka 1902, ikavunjwa na Waaustralia Noble na Armstrong kwa 428, na 1932 kule Jamaica George Headley na mwenzie Clarence Passailaigue wakafika 487 bila kutolewa. Kwa Hampshire ushirikiano wa wiketi ya sita bado ni huo huo wa 411. Na 304 ya Poore ndo ilikuwa kubwa kuliko zote za kaunti mpaka 1937 Dick Moore alipopiga 316.

Ila rekodi iliyonishangaza zaidi ni ya wastani. Msimu mzima wa 1899 alipata mikimbio 1,551, katolewa mara 17 tu, wastani 91.23. Hamna mtu Uingereza alikuwa ameshawahi kufika hapo, na ilikaa hivyo miaka 31 mpaka alipokuja Muaustralia Don Bradman 1930 na 98.66. Ilihitajika Bradman! Na msimu huo huo wa 1899 Ranjitsinhji, yule mwana wa kifalme wa India, alikuwa wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 3,000 kwa msimu, alipata 3,159, nae wastani wake ulikuwa 63.18. Najua mtasema Ranji kacheza mechi nyingi zaidi, kweli, mara mbili na zaidi, na mi mwenyewe ukiniuliza nani mpigaji bora wa mwaka ule nitakwambia Ranji bila kusita. Lakini kwa ile miezi miwili hapakuwa na binadamu anaepiga kama Poore.

kibajaji255

Sasa mbona timu ya Uingereza hawakumchukua? Au kwa sababu alishachezea Afrika Kusini?

mzee_wa_krizi

Hapana mkuu, enzi zile kuchezea nchi mbili haikuwa kizuizi, wapo waliofanya. Australia walikuwa ziarani Uingereza kiangazi hicho hicho, Testi tano, ya kwanza ndo ile W.G. Grace, mkongwe wa kriketi ya Uingereza, alicheza mara ya mwisho akiwa anakaribia miaka 51. Poore hakuitwa hata moja. Alianza kuwaka katikati ya Juni wakati msimu umeshachanganya, na ofisa wa jeshi sio mtu wako. Wynyard alialikwa kwenda Australia na timu ya taifa 1897-98, jeshi halikumruhusu. Imeisha hapo, huwezi kubishana na mkuu wako wa kikosi kisa mpira.

Na hii ndo hoja yangu yote wakuu, naomba niiseme wazi. Watu wakiandika habari za maofisa hawa wanasema walikuwa wanamichezo waliokuwa pia wanajeshi. Mi naona ni kinyume. Jeshi ndo lilimpa Poore kriketi, lilimpa muda, lilimpa India, lilimpa Lord Harris, lilimpa uwanja uliofyekwa na watu wengine. Na jeshi lile lile lilikuwa na haki ya kuichukua siku yoyote.

Likaichukua. Tarehe 11 Oktoba 1899 vita na Makaburu ikaanza. Miezi miwili tu toka amalize zile senchari. Poore akarudi Afrika Kusini, sio na ubao wa kriketi.

mwana_wa_Leeds

Nipo huku Uingereza miaka 14 sasa, nilishafika Taunton kwa shughuli za kazi, uwanja bado upo pale pale kando ya mto Tone na mnara wa kanisa la St James unauona nyuma. Sikujua kama kulitokea hayo. Endelea kaka, vitani alifanya nini?

mzee_wa_krizi

Asante sana ndugu, ukipita tena nipigie picha nitashukuru.

Vitani akapewa cheo cha mkuu wa polisi jeshi chini ya makamanda wakuu wa Uingereza, Roberts na baadae Kitchener. Kazi yake nidhamu, wafungwa, wahalifu wa kijeshi na kusimamia hukumu. Alikuwa anaandika shajara, na ile shajara wanahistoria wanaitafuta mpaka leo kwa sababu ya kesi moja.

Mnajua ile vita ilivyobadilika. Makaburu waliposhindwa vita ya wazi wakaingia msituni wanapiga na kukimbia, Kitchener akajibu kwa kuchoma mashamba na kukusanya familia zao kwenye kambi. Kambini walikufa Makaburu karibu 28,000, wengi wao watoto wadogo, na kwenye kambi za Waafrika weusi ambazo zamani hata vitabu vilikuwa havizitaji walikufa zaidi ya 14,000. Ndani ya hali hiyo kuna ofisa wa kikosi kimoja cha wapanda farasi cha kujitolea, anaitwa Harry Morant, aliishi Australia akajulikana kwa mashairi, yeye na wenzake waliwapiga risasi wafungwa wa Kikaburu. Wakashitakiwa. Utetezi wao ulikuwa kwamba kulikuwa na amri kutoka juu kuwa wafungwa wasiachwe hai.

Sasa shajara ya Poore. Humo aliandika kwamba Kitchener katoa agizo, Kaburu akikamatwa amevaa sare ya Waingereza ashitakiwe pale pale na hukumu ithibitishwe na kamanda aliyepo. Wanaomtetea Morant wanaushika huo mstari kama ushahidi kwamba amri ilikuwepo. Wanaompinga wanasema soma vizuri, anasema ASHITAKIWE, hakusema apigwe risasi bila kesi, na waliouawa wengine walishajisalimisha. Mi nawaunga mkono hawa wa pili, kuua mtu aliyenyoosha mikono hakuna sare inayolihalalisha. Morant na Peter Handcock walipigwa risasi Pretoria alfajiri ya tarehe 27 Februari 1902.

Nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo. Mkono ule ule ulioshika kalamu kuandika habari za hukumu za kifo ndo ulioshika ubao Taunton miaka miwili na nusu nyuma. Sio kwamba namhukumu, ile ilikuwa kazi yake. Lakini siwezi kuzisoma zile 304 tena kama namba tupu.

binti_wa_upanga

Kaka hii imenigusa. Na timu yake je, Hampshire, bila wao?

mzee_wa_krizi

Dada, Hampshire waliumia vibaya mno. Vita iliwachukua maofisa wao, na msimu wa 1900 timu iliyopiga 672 mwaka mmoja nyuma ilicheza mechi 22 za ligi, HAIKUSHINDA HATA MOJA. Wakamaliza wa mwisho kabisa. Ukitaka kujua jeshi lilikuwa limebeba nini kwenye ile timu angalia hiyo misimu miwili ikiwa pembeni mwa mwenzake.

Msomi_wa_Kigoma

Alirudi kucheza?

mzee_wa_krizi

Alirudi mkuu, akiwa na DSO yake. Baada ya vita alicheza hapa na pale kwa Hampshire mpaka 1906, mechi chache akipata ruhusa, ila ule mwendo wa 1899 hakuupata tena, umri ulishaenda na majukumu yaliongezeka. Akarudishwa India, akapanda mpaka brigedia jenerali, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa na brigedi ya Jhansi. Mechi zake zote za Testi zikabaki zile 3 za mwaka 1896. Wynyard yeye alipata tatu pia, moja 1896 dhidi ya Australia na mbili za Afrika Kusini 1905-06.

Wynyard alifariki 1936. Poore akafuata tarehe 14 Julai 1938, Boscombe kule Bournemouth, pwani ya kaunti yake, miaka 72. Ingebaki wiki moja hivi ifike miaka 39 ya ile siku ya Taunton.

Mkongwe_wa_Shauri_Moyo

Mwaka mmoja baada ya yule Moore kumpita na 316. Aliishi akaona.

mzee_wa_krizi

Ndiyo mzee wangu, aliishi akaona. Na huyo Moore aliipigia Bournemouth, mji ule ule.